Alikuja Mwenyewe

Jiwe la msingi la Kanisa la Kristo pale Mkunazini, Unguja, liliwekwa siku ya Krismasi, mwaka 1873. Miezi sita kabla ya hapo, mwezi Juni, Sultani Barghash alikuwa ametia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, na uwanja lilipojengwa kanisa ndio uliokuwa soko lenyewe. Watu waliotembezwa kutoka Nyasa na Manyema, shingo zimefungwa pamoja, walipangwa pale kwa safu, wakakaguliwa meno na misuli, wakauzwa. Altare ya kanisa, kama inavyosimuliwa tangu zamani, ilijengwa mahali uliposimama mti wa kufungia watumwa na kuwachapa. Sakafuni mbele yake kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, kuonyesha mahali penyewe.

Mimi ni Mwanglikana wa Muheza. Misheni ya UMCA iliyojenga Mkunazini ndiyo iliyofungua kituo cha Magila, si mbali na nyumbani kwetu, kwa hiyo kanisa lile la Unguja tunalihesabu kuwa letu. Kila nikivuka maji hupitia pale. Na kila nikisimama mbele ya duara lile, kinachonijia si habari za masultani wala za mabalozi wa Uingereza. Hunijia Krismasi. Naamini walioichagua siku ile walijua wanachofanya.

Tumezoea kuianza habari ya Krismasi kwa Luka: Kaisari Augusto na sensa yake, Yosefu na Mariamu njiani, wachungaji makondeni usiku. Paulo aliieleza mapema zaidi, katika barua yake kwa Wafilipi, naye alikuwa kifungoni alipoiandika. Sura ya pili ya barua ile haina nyota, haina malaika, haina hori. Ina mteremko. Mwana aliyekuwa sawa na Mungu hakuing'ang'ania heshima yake. Aliiacha, akashika hali ya mtumwa, akawa mtu kama sisi, akatii mpaka kufa, tena kufa msalabani. Katika dola ya Rumi msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi. Raia wa Rumi kwa kawaida hakutundikwa. Paulo anamfuata mtoto wa Bethlehemu ngazi kwa ngazi, kutoka juu kabisa hadi anapoishia mtu asiye na wa kumtetea.

Isome sura hiyo Mkunazini uone inavyobadilika. Miongoni mwa waumini wa mwanzo wa misheni ile walikuwamo watu waliokamatwa utumwani, wakakombolewa kwenye majahazi, wakalelewa katika vituo vya misheni vya Kiungani na Mbweni. Wengine walikuwa watoto walipotengwa na mama zao. Watu hao waliposomewa kwamba Mungu alishika hali ya mtumwa, hawakuhitaji mhubiri wa kuwafafanulia hali hiyo ikoje. Waliijua kwa ngozi. Uani mwa kanisa leo kuna mnara wa kumbukumbu uliochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998: watu watano wamesimama ndani ya shimo, wamefungwa minyororo shingoni. Ukitaka kuwatazama vizuri ni lazima uinamishe kichwa. Nimewaona watalii wakifika pale wakicheka, simu mkononi, kisha wakanyamaza wenyewe bila kuambiwa na mtu.

Sisemi haya kuwapamba wamisionari. Kufungwa kwa soko hakukumaliza utumwa. Unguja ulibaki halali hadi mwaka 1897, na ndugu zetu wa bara waliendelea kuuzwa kwa siri muda mrefu baada ya jiwe lile kuwekwa. Na nyuma ya misalaba ile kulikuwa na bendera, hilo tunalijua sote. Lakini ujumbe haupotei kwa sababu ya mikono iliyoubeba. Ujumbe ni kwamba upendo wa Mungu ulitafuta mahali pa chini kuliko pote, ukashukia hapo.

Nasisitiza kushuka kwa sababu ndiko kunakotofautisha upendo huu na huruma. Kumhurumia mtu kunawezekana kutoka mbali. Mfalme anaweza kukaa kwenye kiti chake akaagiza ghala zifunguliwe, watu wakala, naye akasifiwa kwa haki. Mungu angeweza kufanya hivyo. Kwa karne nyingi aliwatuma manabii, na manabii walikuwa watu wa kweli, hawakusema uongo. Waraka kwa Waebrania unaanza kwa kutukumbusha hilo, kisha unasema kwamba mwisho wa yote alisema nasi katika Mwana.

Kanisa liligombana vikali juu ya jambo hili. Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, kwa wito wa Kaisari Konstantino. Ario, kasisi wa Aleksandria, alikuwa akifundisha kwamba Mwana ni kiumbe: wa kwanza, wa juu kuliko vyote, lakini kiumbe. Fundisho lake lilipendwa na wengi, na ukilisikiliza haraka haraka linaonekana la adabu, maana linamweka Mungu mbali na matope yetu. Ila litazame linakotufikisha. Kama Ario alikuwa sahihi, aliyelala horini ni mjumbe. Mjumbe mwema, mtukufu, lakini Mungu mwenyewe alibaki alikokuwa, akatuma mtu.

Nikea ilikataa. Ilikiri kwamba Mwana ni Mungu kweli kama Baba alivyo Mungu. Athanasio, aliyehudhuria mkutano ule akiwa shemasi kijana na baadaye akawa askofu wa Aleksandria, alifukuzwa kwenye kiti chake mara tano kwa kuishikilia imani hiyo. Nilipokuwa mdogo nilidhani ugomvi ule ni wa wanateolojia waliokosa kazi. Leo naona Athanasio alikuwa akiulinda upendo wenyewe. Alikuwa akilinda haki ya mama wa Muheza, anayebeba kuni na mtoto mgongoni, kusema kwamba Mungu anaujua uzito ule, kwa sababu naye aliwahi kubebwa.

Maana alibebwa kweli. Kutoka Nazareti hadi Bethlehemu ni kilomita zinazokaribia 150, milima na mabonde, na Mariamu alizisafiri akiwa na mimba. Mtoto alizaliwa kama sisi, kwa damu na maji na kitovu cha kukatwa. Alivishwa nguo za kitoto, akalazwa mahali pa kulia wanyama. Alihitaji kunyonyeshwa, kubembelezwa, kubadilishwa nguo zilizolowa. Siku za utakaso zilipotimia wazazi wake walikwenda Hekaluni, na Luka anataja sadaka ya jozi ya ndege. Ukifungua Walawi sura ya 12 utaona sheria ilitaka mwanakondoo. Ndege wawili ilikuwa nafuu ya asiyeweza kumnunua. Aliyeziumba mbingu alitolewa sadaka ya maskini, mbele ya watu, na hakuna aliyegeuka kutazama isipokuwa mzee Simeoni na bibi Ana.

Hapo ndipo somo linapoanza kuniuma, kwa sababu ninaishi katika zama za kutuma.

Mwaka uliopita, jioni ya tarehe 24 Desemba, nilikuwa kwenye foleni ya wakala wa pesa mtaani kwetu Dar es Salaam. Mnaujua msongamano wa siku ile. Taa ya kibanda imewaka, watu wamebanana hadi barabarani, kila mmoja ameshika simu, wakala anajibu huku anahesabu noti. Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja aliyejitanda khanga, simu yake ndogo ya vitufe ameifunga mpira. Alimpa kijana wa wakala simu akamwambia, "Mwanangu, nisomee, nani katuma?" Kijana akasoma jina. "Ni mwanangu huyo," bibi akasema, akatutazama sisi wa nyuma ili nasi tujue. Kisha akauliza, "Kasema anakuja lini?" Kijana akarudi kwenye ule ujumbe, akaupitia kana kwamba huenda kuna mstari ameuruka. "Hapa hajasema, Bibi. Ni pesa tu." Bibi akasema "Haya, ahsante baba," akazipokea, akazifunga kwenye pindo la khanga, akaondoka taratibu. Aliyemfuata hakuhudumiwa; noti za wakala zilikuwa zimeisha.

Yule mtoto wake simlaumu. Huenda yuko zamu, huenda nauli za mabasi zilikuwa zimempita uwezo, huenda pesa ile ndiyo iliyokuwa nauli yake mwenyewe. Pesa ya mtoto kwa mama ni upendo, na nyumba nyingi za nchi hii zimesimama juu ya pesa hizo: ada, dawa, mabati. Lakini lile swali la bibi lilikuwa la kitheolojia kuliko mahubiri mengi ninayoyasikia Desemba. Alishapokea. Bado alitaka kujua anakuja lini. Mwanadamu ameumbwa hivyo, na Mungu aliyemuumba anajua, ndiyo maana zawadi yake ya Krismasi ina uso.

Kuna jambo jingine, na hili ni gumu zaidi. Anayetuma hawezi kukataliwa sana. Pesa hupokelewa hata na asiyekupenda. Anayekuja anajiweka mikononi mwa wenyeji. Yohana anasema waziwazi kwamba Neno alikuja kwake, na walio wake hawakumpokea. Bethlehemu ulikuwa mji wa ukoo wa Yosefu, mahali ambapo kwa desturi yoyote ninayoijua jamaa hakosi mkeka. Wakakosa nafasi. Muda si muda Herode akamtafuta mtoto amuue, familia ikakimbilia Misri ikawa ya wakimbizi. Mungu aliyajua hayo kabla, naye akaja.

Upendo wa namna hiyo nimewahi kuuona kwa macho, nyumbani kwetu, nikiwa mtoto wa shule. Babu alikufa bila kugawa shamba la michungwa. Baba na baba mdogo waligombana juu ya mpaka, wakaitwa mbele ya wazee, wakatoka pale kila mmoja na njia yake. Hawakusalimiana tena. Hata kanisani walikaa pande mbili, na sisi watoto tuliambiwa tusiende kucheza kwa binamu zetu.

Krismasi kwetu ilianza na kuku. Baba hakumchinja mwenyewe. Alfajiri, kabla hatujaondoka kwenda misa, alikuwa akimwita jirani yetu, mzee wa Kiislamu, aje achinje. Ndivyo ilivyokuwa nyumba nyingi za Kikristo za kwetu na ndivyo ilivyo hadi leo, ili siku hiyo pasiwe na jirani wa kushindwa kula. Mzee yule alikuja na kisu chake mwenyewe, amevaa kofia, akafanya kazi yake, akatutakia heri, akarudi nyumbani kusubiri sahani yake ya pilau, ambayo haikukosa kufika ikiwa imefunikwa kawa. Sijui ni nani aliyeanzisha desturi hii, lakini anayeifuata ameielewa Krismasi, kwani anaanza kwa kumfikiria atakayekula kabla hajaipika nyama.

Siku moja ya Krismasi, tuliporudi kutoka misa, tulimkuta baba mdogo ameketi kwenye benchi chini ya mwembe wetu. Amevaa koti lake la harusi. Hakuleta kitu. Baba alimwona tangu njiani. Alipita mbele yake, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumbani. Mama alisimama katikati ya uwanja na Kitabu cha Sala mkononi, hajui aanzie wapi. Kisha akampelekea shemeji yake chai na vitumbua, kimya kimya. Baba mdogo akanywa. Hakusema amekuja kuomba radhi, hakusema amekuja kudai. Yule mzee jirani, alipoona hali, alikuja na sahani yake ya pilau mkononi akakaa naye, wakala pamoja, wakiongea habari za bei ya machungwa. Jua lilipogeuka baba mdogo akainuka, akakung'uta koti vumbi, akamwambia mama, "Shemeji, mwambie kaka nilikuja." Akaenda zake.

Krismasi iliyofuata alikuja tena, na koti lile lile. Safari hii baba hakufunga mlango, lakini alikaa sebuleni na redio yake, na mdogo wake akakaa nje na chai yake, mpaka adhana ya alasiri ikasikika kutoka upande wa stendi. Ndipo baba akatoka. Alikaa upande wa pili wa benchi. Waliongea habari za mvua. Mama alikuwa jikoni, na niliona mwiko umesimama ndani ya sufuria, ameacha kukoroga, anasikiliza. Shamba lilikuja kugawanywa baadaye, mbele ya wazee, na kusema kweli hakuna aliyeridhika sana na mpaka. Ila baba alipougua, aliyelala hospitali akimuuguza ni baba mdogo.

Paulo anawaambia Warumi kwamba Mungu aliuonyesha upendo wake kwetu tungali wenye dhambi. Hakungoja kesi iishe. Hakututaka kwanza tukubali kosa, tusaini, tulete mashahidi, ndipo aje. Alikuja kesi ikiwa mbichi, akakaa kwenye benchi letu. Nikiisoma aya hiyo sasa namwona baba mdogo na koti lake, na nashukuru kwamba niliyaona yale kabla sijaanza kuyasoma.

Wapo ambao Krismasi hii hawataweza kwenda popote. Wauguzi wa zamu, madereva na makondakta wanaotupeleka sisi wengine, walinzi wa mageti, dada zetu walio kazini Muscat na Dubai ambao pasi zao za kusafiria ziko kwenye makabati ya watu wengine. Mungu hawadai nauli wasiyo nayo. Kwao naona mteremko wa Wafilipi unaanzia walipo, kwa mtu aliye karibu: mgonjwa wa kitanda cha tatu asiye na ndugu, mlinzi mwenzako wa nyumba ya pili. Na sisi wenye nyumba tuna watu ndani ya nyumba zetu wenyewe ambao hatujawahi kuwashukia. Dada wa kazi anayepika pilau ya Krismasi tangu saa kumi alfajiri, kisha akala jikoni, amechuchumaa, wakati sisi tunasali mezani kumshukuru Mungu aliyekuja kukaa nasi. Hili sitalipaka sukari. Nyumba ya Mkristo ambamo aliyepika hana kiti mezani siku ile bado haijaipokea habari ya Bethlehemu, hata mti wake ukiwaka taa namna gani.

Kwa hiyo ombi langu kwako, msomaji, ni dogo. Mpe kiti mezani aliyekupikia. Mwenye nauli, na aende. Tuma pesa mapema, kisha ujipeleke na mwenyewe, hata kama ni kwa siku moja na mkono mtupu. Na kama yupo nduguyo ambaye hamjasemezana, usingoje mwafaka wa shamba wala wa mirathi: kaa kwenye benchi lake. Na ikiwa mwaka huu wewe ndiye uliye ndani, na ndugu yako yuko nje chini ya mwembe na chai inampoa, tafadhali, fungua mlango utoke.